Dawa Iliyofichwa Kwenye Kihenge

Damari, mke mkubwa wa mzee Alute wa Mungaa, alikamua ng'ombe wake, Madoa. Yustina, mke mdogo, alikamua wake. Zizi lilikuwa moja, na macho ya Damari hayakutoka kwenye kibuyu cha mwenzake.

"Cha Yustina kimejaa leo," Alute akasema. Loo! Damari akaona wivu.

Kiwele cha Madoa kilikuwa kimevimba. Maziwa yalitoka na mabonge. Fabiano, bwana mifugo wa kijiji cha ujamaa, alileta dawa ya kuingiza kwenye chuchu.

"Mpe asubuhi na jioni mpaka iishe yote," alisema. "Maziwa yake msinywe mpaka niwaambie."

Punde kiwele kililainika. "Amepona," Damari akajisemea. "Dawa hii iliyobaki naificha. Ng'ombe wa Yustina akiugua, haipati ng'o!" Akaifukia ndani ya mtama kwenye kihenge.

Uvimbe ukarudi, mgumu kuliko mwanzo. Madoa akawa anapiga mateke. Damari akaja juu. "Ni Yustina huyo! Ana jicho baya!"

Fabiano akaitwa tena. Akapapasa kiwele. "Mama, dawa uliimaliza?"

Yustina ndiye aliyekuwa ameshika pembe za Madoa, akimbembeleza atulie. Damari akaona aibu.

"Niliificha kwenye kihenge," akasema. "Sikutaka huyu aipate."

"Uvimbe uliondoka, lakini vijidudu vilibaki," Fabiano akasema. "Vilivyokufa ni vile dhaifu. Vile sugu vikazaana. Hiyo ya kwenye kihenge tupa, nitaleta nyingine. Chuchu mbovu ikamue mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Lakini umechelewa mama, hii huenda ikakauka."

Safari hii Damari hakuacha njiani. Chuchu moja ilikauka kweli, tatu zikapona. Fabiano aliporuhusu maziwa, Alute alikisifu kibuyu cha Damari, naye Damari akatembea kwa maringo siku nzima.

Mvua zilipoanza, kiwele cha ng'ombe wa Yustina kikavimba, Fabiano akaleta dawa. Damari alikitazama kibuyu kitupu cha mwenzake, akasikia raha. Halafu akachukua maji na sabuni, akaenda kumshikia Yustina pembe za ng'ombe. Akafanya hivyo asubuhi na jioni.

Kiwele kikalainika. "Dada, amepona," Yustina akasema. "Hii iliyobaki tuiweke?"

"Thubutu! Maliza yote," Damari akajibu. "Kihenge changu ni cha mtama tu."