Gari Lililojiwasha Lenyewe

“Na mtu akiwa mbali, anaweza kuufunga mlango?”

Mfamasia aliuliza hivyo akiwa amekaa siti ya abiria, kiganja kimelala juu ya dashibodi mpya kama anayepima homa ya mtoto. Mchumba wake, aliyekuwa ameshika usukani, alicheka. Kazini kwake, kwenye jarida la magari la mtandaoni, walimwita Breki, kwa sababu kila gari aliloletewa kulikagua alianza kwa kulikimbiza mahali patupu kisha kulisimamisha ghafla, wenzake roho mkononi.

“Anaweza,” Breki alijibu. “Kwa simu. Kufunga, kufungua, kuliwasha, kuona lilipo.”

“Na kulizima?”

“Kulizuia lisiwake tena, ndiyo. Ikitokea limeibwa.”

“Limeibwa,” Mfamasia alirudia taratibu, kama mtu aliyeonja kitu akakipenda.

Nyuma yao alikuwa Lenzi, mpiga picha wa jarida, akijaribu kama miguu yake mirefu inaenea.

“Shemeji, abiria wote tunaowapakia kwenye majaribio huuliza kama siti inaumiza mgongo. Wewe umeuliza mlango.”

“Mgongo ni wake, ataupima mwenyewe,” Mfamasia alitabasamu. “Mimi nataka nipate usingizi akiwa barabarani.”

Breki akayeyuka. Hakuona kwamba Lenzi hakucheka.

Lilikuwa lile gari dogo lililoinuka linalotamaniwa na kila familia changa, na mwaka huu lilikuwa limechorwa upya. Pua imeinuka, buti limeongezeka, taa zimekuwa nyembamba kama macho ya mtu anayekutilia shaka. Kampuni inayoyaingiza nchini iliwaletea madaraja yake yote matatu. La daraja la chini lilikuwa na siti za kitambaa na ufunguo wa kuzungusha. La kati lilikuwa na kamera ya nyuma na rimu zinazong'aa. La juu lilikuwa na ngozi, paa la kioo, na ile programu ya simu. Breki alitakiwa kuwaambia wasomaji lipi linamfaa nani. Mfamasia naye alikuwa ameahidi, mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa, kwamba daraja atakalochagua Breki ndilo atakalomnunulia wakioana. Ila tangu siku ya kwanza alikuwa akimnong'oneza kwamba la chini ni gari la watu wasiopendana.

Kati yao na harusi lilibaki jambo moja tu. Mfamasia alikuwa na ugonjwa wa swali. Uko wapi. Asubuhi uko wapi, mchana uko wapi, uko na nani hapo, mbona nasikia muziki. Breki alikuwa amemwambia waziwazi, wamekaa jikoni kwa mama, sufuria inachemka.

“Nakupenda. Lakini siwezi kuolewa na mtu anayeniita kila saa kama mwalimu anayeita majina. Jumamosi familia zetu zinakutana kupanga tarehe. Kabla ya hapo nione umeacha. Usipoacha, nitawaambia wasije.”

“Nipe nafasi,” Mfamasia alisema, macho yamelowa. “Utaona.”

Na kweli akaona. Breki alipokabidhiwa lile la daraja la juu akae nalo, Mfamasia alijitolea kulipeleka kuosha, akalirudisha linang'aa hadi matairi. Tangu hapo swali likakatika kama maji ya bomba. Breki alikwenda kwa fundi cherehani kupimwa gauni, akaenda kwa rafiki yake aliyejifungua, akachelewa ofisini, na simu ilinyamaza tu ndani ya mkoba. Jioni Mfamasia alimpokea kwa upole, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba.

Alimsimulia mama yake kwa furaha kwamba mapenzi yanaweza kumbadilisha mtu. Mama akasema yeye alishajua. Kijana yule anajali mno, juzi tu alipiga simu kuuliza Breki katoka amevaa nini, anataka kumnunulia viatu vya kuendana.

Kilichokuwa kinamsumbua Breki ni gari.

“Lina hitilafu ya umeme,” alimwambia Lenzi, wamesimama kwenye uwanja wa ofisi.

Akamweleza. Kwa rafiki yake aliyejifungua alikuwa amekaa kidogo kupita alivyopanga, mara gari likapiga honi peke yake nje, kichanga kikaamka kikilia. Kwa fundi cherehani alitoka akakuta injini inaunguruma na kiyoyozi kimeshapoza siti, ilhali ufunguo uko mkobani mwake. Na asubuhi hiyo, alipoegesha mbele ya duka la vitabu asilozoea kwenda, taa ziliwaka na kuzima, zikawaka na kuzima, kama mtu anayekukonyeza ukiwa na wenzako.

“Basi tuandike hivyo,” Lenzi alisema. “Wenye roho nyepesi wachukue la chini.”

“Usitanie. Watu watalinunua hili wapakie watoto. Likijiwasha ndani ya gereji iliyofungwa, moshi unaua.”

Hakuweza kuchapisha sifa za gari la namna hiyo, na hakuwa tayari kulinyamazia. Akampigia mhandisi wa kampuni, akaweka spika ili Lenzi asikie. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho, akaomba asubiri, vidole vyake vikasikika vikigonga kompyuta.

“Dada, gari halina kasoro.”

“Limejiwasha lenyewe.”

“Halikujiwasha. Limewashwa. Kuna simu imesajiliwa hapa, nikadhani ni yako.”

“Magari ya majaribio huwa sisajili simu.”

“Basi kuna mtu amesajili yake. Haichukui muda, ila lazima awe amekaa ndani na ufunguo anao.”

Breki aliligeukia gari. Alikuwa akiyatazama matairi, meusi, yanang'aa, yamepakwa mafuta kwa upendo.

“Nimfute?” mhandisi aliuliza.

“Bado. Kuna kitu nataka nikijaribu kwanza.”

Lenzi alimshika mkono, akamwomba wafuatane. Breki alikataa. Akamwambia alichukue lile la daraja la chini, amfuate baada ya muda kule wanakopimia breki.

Palikuwa uwanja mpana wa lami uliozungushiwa ukuta, nje ya mji, hakuna duka wala kivuli. Alisimama katikati, akazima injini, akaweka simu mapajani. Hakuwa amemwambia mchumba wake kwamba anatoka. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kupitia paa la kioo, ngozi ya siti ikaanza kunuka. Moyoni alikuwa anaomba simu isilie. Angekaa hapo hadi jioni, simu kimya, na angerudi kumwomba msamaha.

Simu ikatetemeka.

“Mpenzi, leo tena mnapima breki? Nilidhani mmeshamaliza.”

Breki akampigia.

“Mambo, mke wangu mtarajiwa,” Mfamasia aliitika.

“Safi. Niko ofisini, kazi imenibana.”

Upande wa pili alisikia droo ya dawa ikifungwa.

“Ofisini,” Mfamasia alisema.

“Ndiyo.”

“Kwa nini unanidanganya?”

Breki alifumba macho. “Umejuaje kama nakudanganya?”

Mfamasia alishusha pumzi. Alipozungumza sauti ilikuwa ileile ya kaunta, ya kumwelekeza mgonjwa ameze vidonge baada ya chakula.

“Uliniomba nisiulize. Nimeuliza? Nimetimiza neno lako, na bado nimepata amani yangu. Hakuna aliyeumia.”

“Uliamsha kichanga kwa honi.”

“Ulikuwa umekaa sana.”

Aliyasema hayo kwa namna ya kawaida kabisa, na hapo ndipo Breki alipoogopa. Angekuwa mkali, angejua la kumjibu.

“Naiondoa simu yako kwenye hili gari,” alisema. “Na Jumamosi nawaambia wasije.”

“Una hasira. Mtu hatakiwi kuendesha akiwa na hasira.”

Milango ikajifunga yote kwa mpigo mmoja. Breki akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kikubwa cha dashibodi, kile alichokisifu kwa wasomaji, kikamwandikia kwamba gari limezuiwa na mmiliki.

“Tulia hapohapo,” Mfamasia alisema. “Nakuja tuyaongee kama watu wazima. Mama nitamwambia limekuzimikia, asihangaike.”

Simu ikakatika.

Joto lilipanda. Alijaribu vioo, vikagoma. Simu ikamponyoka miguuni, akaiokota, akabaki akitazama ukuta kupitia kioo safi, akijiona mke wa mtu kwa miaka mingi ijayo ndani ya siti hiyo ya ngozi. Kisha akaikumbuka kazi yake. Kila gari alilowahi kulikagua, akishamaliza breki, hujaribu kishikio cha ndani cha mlango. Awe amefungiwa na nani, mtu aliye ndani lazima aweze kutoka. Gari lisilompa hilo halikupita kwake.

Akavuta. Kitu kikalia ndani ya mlango. Akavuta mara ya pili, mlango ukafunguka, upepo ukamgonga usoni.

Alikuwa ameketi juu ya lami, anahema, mama yake alipopiga.

“Mwanangu, mwenzio kasema gari limekuzimikia. Uko salama?”

“Niko salama, mama. Halikuzimika, amelizima yeye. Na sikumwambia niko wapi.”

Akamweleza yote kwa kifupi. Mama hakuingilia hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

“Vile viatu,” mama alisema mwishowe.

“Vimefanyaje?”

“Hakununua viatu.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nilimtajia hadi rangi ya kitambaa chako cha kichwa, nikiona najibu mapenzi. Wakwe nitawapigia mwenyewe, sasa hivi. Wewe ondoka hapo.”

Hakupata nafasi ya kuondoka. Mfamasia aliingia na gari lake, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa, akasimama alipouona mlango wazi. Aliutazama ule mlango kuliko alivyomtazama Breki.

“Mchumba aliyekutangulia aliondoka nikiwa kazini,” alisema. “Nilirudi nikakuta kabati tupu. Siwezi tena. Nikikuona kwenye ile ramani, kile kidoti kinatembea, kifua kinaachia.”

Machozi yalikuwa ya kweli. Breki alimjua, na alimpenda, na hilo ndilo lililouma.

“Ungeniambia hivyo jikoni kwa mama, ningekaa nawe hadi woga ukuishe.”

“Si nimekwambia sasa.”

“Umeniambia baada ya kunifungia.”

“Ningekufungulia nikifika.”

“Najua,” Breki alisema. “Kila siku ungenifungulia ukifika.”

Akavua pete, akaiweka juu ya boneti, mahali pa juu, ilipoinuliwa pua mwaka huu. Mfamasia hakuigusa. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni, anaishika bila kujua kama anaishika.

Lenzi aliingia uwanjani na lile la daraja la chini, vifuniko vya rimu vikigongagonga. Hakuuliza kitu. Alihama siti, akamwachia usukani. Breki akampigia mhandisi na kumwambia maneno mawili: sasa mfute. Nyuma ya kioo, Mfamasia alikuwa bado amesimama kati ya magari mawili, ameinamia simu, uso wake ukibadilika.

“Hili halina hata kamera ya nyuma,” Lenzi alinong'ona.

“Nitageuza shingo.”

Aligeuza shingo, akarudi nyuma, akatoka getini. Siti za kitambaa zilikuwa ngumu kidogo na redio ilikwaruza. Usiku huo angewaandikia wasomaji hayo yote, na angewaandikia pia swali la kumuuliza yeyote anayewachagulia daraja la juu: simu itakayosajiliwa ni ya nani?

Kabla hawajafika barabara kuu, simu ya Breki ikalia, ujumbe umeingia. Lenzi aliusoma kwenye kioo, akamgeuzia auone.

“Uko wapi?”

Breki aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo salama kwa dereva. Akaigeuza simu kifudifudi.

“Sasa tunaelekea wapi?” Lenzi aliuliza.

“Sijaamua,” alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile, hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.