Mteja Asiyepiga Simu

Harufu ya nywele zilizoungua ndiyo iliyotangulia, asubuhi, kwenye chumba cha nyuma walimopanga seva zao. Mke alidhani ameacha pasi kwenye umeme. Akaifuata harufu mpaka rafu ya chini, ile ya mashine zilizokufa, akagusa kasha moja ambalo mumewe alilipasua jana yake. Halikuwa na feni, halikuwa na diski, hata waya wa umeme lilikuwa halina. Lakini lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Akamwita mumewe. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bisibisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila moja mfukoni. Aligusa naye, akasema ni jua la dirishani. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa mbao tangu wahamie, na mke akamkumbusha hivyo. Bisibisi akasema basi ni joto la kawaida, akaenda kunywa chai.

Kazi yao ilikuwa kuzitunza seva za zamani, yale makasha bapa yenye kidirisha cha herufi za kijani, yaliyotengenezwa wakati watu bado wanashangaa tovuti ni kitu gani. Viwanda vyake vilifungwa zamani. Wateja nao walikuwa ving'ang'anizi, hawataki kusikia habari ya kuhama. Kwa kuwa spea haziuzwi tena popote, mashine moja ikifa huchinjwa ili nyingine iishi, na hapo ndipo Bisibisi alipojisikia mfalme. Alizifungua mashine kwa raha ambayo mkewe hakuipenda.

Sasa juzi feni ya seva ya chuo ilikatika, na hakukuwa na maiti iliyobaki na feni nzima. Bisibisi akatembeza macho kwenye rafu, akitafuta mashine hai ambayo hakuna atakayeililia. Akaichagua ya bibi mmoja aliyewahi kuja mara moja tu, akalipia miaka mingi mbele, na tangu siku ile hakupiga simu. Tovuti yake ilikuwa ukurasa mweupe, mtupu. Bibi yule alipoileta mashine alisema, "Hii msiizime, na msiifungue." Walipomsindikiza wakacheka. Kila mteja husema hivyo, hata yule mwenye tovuti ya picha za paka wake. Basi Bisibisi akaizima, akaifungua, feni akaipa seva ya chuo, diski akaifuta yote ili aitumie kwingine.

Mdogo wake Bisibisi, waliyemwita Nyaya kwa kazi yake ya kuunganisha waya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumia. Asubuhi hiyo hiyo ya harufu aliingiza mkono ndani ya seva ya chuo kukaza feni ile, seva ikiwa haina umeme, waya wake ameuchomoa na kuushika mwenyewe kwa mkono wa pili. Feni ikazunguka. Ilizunguka kwa nguvu ambayo plastiki haina, ikamkata kidole cha shahada mpaka kikatoka. Shemeji yake alimfunga kwa taulo, wakapiga magoti wote wawili kukitafuta kidole sakafuni, chini ya rafu, ndani ya kasha. Hakikuwepo. Palikuwa na damu tu, nayo ilikuwa inachemka taratibu pale kwenye bati.

"Shemeji," Nyaya akanong'ona, "mtazame kaka."

Bisibisi alikuwa amekaa mezani kwake, ametandaza kile kitambaa anachopangia skurubu. Alichomeka ncha ya bisibisi chini ya ukucha wa gumba lake, akaubandua bila kukunja uso, akauweka juu ya kitambaa. Akafuata ukucha wa pili. Kisha akafungua kinywa, na mkewe, aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja miaka yote ile na kuijua kila sauti ya mwili wake, akasikia jino likivunjika mzizi na sauti isiyo ya mumewe ikiuliza kwa upole, "Kwangu mlitoa vingapi?"

Walimrukia. Alimrusha mkewe kwa mkono mmoja mpaka rafu ikaanguka na seva zikamporomokea mgongoni, na Nyaya alipomkaba shingo kwa nyuma alimng'ata kile kidonda cha kidole mpaka kijana akalia kama mbuzi, na wakati wote huo mkono wake wa kulia haukuacha kazi, ulishapasua shati, ulishaipata nafasi kati ya mbavu mbili, ukaweka ncha ya chuma pale na kuanza kuzungusha kushoto, upande wa kulegeza, polepole, kama fundi anayeogopa kuharibu skurubu, na feni za mashine zote zilizolala sakafuni bila umeme zikawa zinavuma pamoja.

Simu ya wateja ikalia. Mke hakujua kwa nini aliipokea. Labda ni mazoea tu.

"Ukurasa wangu haufunguki," alisema bibi.

"Bibi, tusaidie."

"Nani kaifungua?"

"Mume wangu."

Bibi alishusha pumzi. Akawaambia wamfunge kwa nyaya zote walizonazo na wamnyang'anye chuma, yeye yuko njiani. Kumnyang'anya chuma kuliwagharimu kiganja cha mke, kilichotobolewa upande hadi upande.

Bibi alifika mchana, kaishikilia fimbo, anahema. Mke alisahau hata kumwamkia. Bibi alimtazama Bisibisi aliyefungwa kwenye mguu wa meza, kifua kimelowa damu, akatazama kasha lake tupu, akauliza diski iko wapi. Alipoambiwa imefutwa, alikaa chini.

"Mle ndimo nilimomfunga. Jini hukaa pale panapowaka mchana na usiku. Nilichoka kumlinda mwenyewe, nikawaletea."

"Ukamleta nyumbani kwangu na hukusema."

"Nilisema msiizime."

"Kila mteja husema hivyo."

Bibi akailaza fimbo yake sakafuni. Akaeleza kwamba anaweza kumtoa, ila lazima apate mahali pengine panapowaka mchana na usiku, na akishafunguliwa kwenye mashine harudi tena kwenye mashine, hukubali kifua cha mtu tu. Asipotolewa, atamaliza kumfungua Bisibisi kabla jua halijazama. Kisha akamnyooshea Nyaya kidole. "Mlete kijana. Aweke mkono kifuani kwa kaka yake. Huyo damu yake imeshafunguka."

Nyaya alikuwa amepauka kwa kupoteza damu, hakuelewa, akaanza kujikokota. Bibi alifumba macho akaanza maneno yake. Mke alihisi hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alingoja mpaka kifua cha mumewe kikavimba na koo lake likajaa kitu kinachopanda, akamrudisha shemeji yake nyuma kwa teke, akaukamata mkono wa bibi na kuubana juu ya lile tundu lenye damu, akaukalia kwa uzito wake wote. Bibi alipiga ukelele mmoja. Nyama ya kiganja chake ilinuka nywele zilizoungua.

Feni zikanyamaza. Bisibisi akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, akiuliza meno yake yako wapi, na mkewe akamshika kichwa, akalia naye.

Bibi alibaki amelala kati ya mashine. Jasho lilimtoka likigeuka mvuke. Alipozungumza hakuonekana kuwa na chuki.

"Umenifanya kasha, binti. Haya. Basi nitunzeni vizuri. Siku nikizimika, anarudi kwa yule aliyemfungua."

Mke alitambaa mpaka pale, akalaza sikio juu ya kifua cha yule mzee. Moyo ulipiga, ukapiga, ukakaa kimya kitambo, ukapiga tena kidogo.

"Bibi," akauliza, "una miaka mingapi?"

Bibi alitaka kujibu, akaanza kukohoa.