Mshumaa wa Chini

"Shangazi amepata makaa," sauti ilisema kwenye simu.

"Mengi?"

"Gari zima. Kayaone kabla hayajaondoka."

Gesche Harms, askari kanzu, akakata simu, akachomeka bastola yake ya Walther ndani ya buti na kuvaa koti. Makaa maana yake insulini. Shehena nzima ilikuwa imeibwa bandarini, na hospitali za Hamburg zilibaki zinapangusa makabati matupu. Tomma, mdogo wake mwenye kisukari, alikuwa wodini na chupa ya mwisho. Daktari hakumficha kitu: ikiisha hiyo, hakuna nyingine.

Mchana ule alisimama juu ya ngazi za handaki la kukimbilia mabomu, Hammerbrook, mtaa ambao mabomu hayakuacha hata ukuta wa kuegemeza baiskeli. Akainamia simu ya upepo iliyofichwa ndani ya chupa ya chai.

"Kruse, nashuka."

"Ukifika chini hutanisikia. Zege lile halipitishi kitu." Inspekta Kruse alikuwa na askari wake ndani ya gari la Opel Blitz, nyuma ya kifusi. "Na mlango siwezi kuulipua. Chupa zote za insulini zitavunjika."

"Basi ukifunguka, ingia."

"Nani ataufungua?"

"Sijui bado."

Akashuka. Mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Detlev Osterkamp, muuzaji wa shehena ile.

Osterkamp alikuwa mnene. Katika baridi ile ya mwaka 1947, mji wetu mzima ukila supu ya turnipu, unene peke yake ulitosha kumfunga mtu. Kando yake alisimama Bolko, mlinzi wake, sajini wa zamani. Juu ya boksi alikaa mnunuzi, Mswidi aitwaye Lindqvist, viatu vipya miguuni na sigara ya Lucky Strike mdomoni.

"Huyu ndiye mfamasia?" aliuliza Lindqvist.

"Bi Petersen," alijibu Osterkamp, akitaja jina la uongo ambalo Gesche alijitambulisha nalo. "Mpekue, Bolko."

Bolko akaitoa Walther kwenye buti. "Mfamasia na bastola?"

"Nimekatiza Hammerbrook peke yangu, kaka. Ulitaka nije na mwavuli?"

Bolko akacheka. Osterkamp hakucheka.

Taa zikazima.

Hakuna aliyeshtuka, umeme ulikatwa kila siku. Feni ya kuvuta hewa nayo ikanyamaza. Bolko akawasha mishumaa mitatu. Mmoja akauweka sakafuni, mmoja juu ya boksi, mmoja kwenye rafu ya juu.

Hakuna aliyemwambia. Mikono yake ilijipangia yenyewe.

Gesche aliona. Ndivyo tulivyokuwa tukiipanga usiku wa mabomu, watu wamejazana chini, hewa inakwisha. Ukizima wa sakafuni, mnawabeba watoto juu. Ukizima wa katikati, mnatoka, hata kama nje kunawaka.

Akafungua boksi, akatikisa chupa mbili kwenye mwanga. "Ni yenyewe."

"Vizuri," alisema Osterkamp. "Sasa kaa."

"Kazi yangu imekwisha, bosi."

"Na wewe umekwisha, mama. Nilimwuliza mwenye duka la dawa unalosema ni lako. Hakujui." Akatoa bastola, bila haraka. "Lori likija, sisi tunapanda. Wewe unabaki. Mlango huu haupitishi kelele."

"Mtu atanitafuta."

"Hammerbrook? Huku hata panya wamehama."

Gesche alitazama kuta. Hakuna dirisha. Hakuna tundu. Mlango mmoja, ufunguo mmoja, na sauti yake isingefika hata kwenye ngazi. Alimwona Tomma kitandani, chupa tupu pembeni. Aliogopa, aliogopa kwelikweli.

Akajiachia, akakaa sakafuni. Nusu ilikuwa maigizo.

Sketi yake ikatanda mbele ya mshumaa. Alilamba vidole viwili, akaubana utambi.

Akaurudisha mkono mapajani.

Bolko ndiye aliyeona kwanza. "Wa chini umezima."

"Kuna nini?" aliuliza Lindqvist. "Si muuwashe tena?"

Bolko alikuwa ameshafika mlangoni, anaupiga kwa viganja. "Bosi, wa chini umezima."

"Upepo huo. Tulia."

"Upepo gani, bosi? Humu kuna upepo?"

"Nimesema tulia." Lakini Osterkamp naye alikuwa anahema, jasho limemjaa shingoni. Gesche, aliyeuzima mwenyewe, naye akajikuta anautazama mlango.

Hakuna aliyemwona Osterkamp akivuka chumba. Ghafla alikuwa mlangoni, bastola imening'inia mkono wa kushoto kama kitu cha mtu mwingine. Mkono wa kulia ulikuwa unazungusha ufunguo.

Mlango ukafunguka.

"Bastola chini," alisema Kruse, aliyekuwa akingoja nje ya mlango.

Osterkamp akaiachia. Alikuwa anavuta hewa tu, mdomo wazi. Walipomfunga pingu ndipo akamtazama Gesche.

"Hewa ilikuwepo," alisema.

"Tele."

Bolko alipiga magoti kwenye theluji, akalia. Askari waliomshika hawakumcheka.

"Maboksi yako ndani," Gesche alimwambia Kruse. "Yatoeni upesi na myatie garini, dawa isigande hapa nje."

"Ndiyo." Kruse alisimama kizingitini, akachungulia gizani. Hakuinua mguu. "Feni haifanyi kazi?"

"Haifanyi."

"Umeme utarudi baadaye."

"Tomma hana baadaye, Kruse."

Kruse akawageukia askari wake. Mmoja alianza kukaza mkanda. Mwingine alikuwa na shughuli na kofia yake.

Gesche alijaribu. Alifika ngazi ya mwisho, jasho likamtoka, miguu ikamrudisha juu. Akamtazama Lindqvist, aliyekuwa anasubiri kupandishwa garini.

"Kwenu Stockholm mliwahi kupigwa mabomu?"

"Sisi? Hapana."

"Mfungue pingu, Kruse."

Ndivyo insulini ya Hamburg ilivyotoka ardhini mikononi mwa mwizi, boksi baada ya boksi, askari wetu wakimwelekeza kutoka nje. Mara moja alipiga hata mluzi.

Gesche akalipokea boksi la kwanza na kulitia ndani ya koti.

"Ngoja nikupeleke na gari," alisema Kruse.

Gesche alitazama mlango wa gari uliokuwa wazi, na madirisha yaliyofungwa.

"Nitatembea," alisema, akashika njia ya hospitali.