Mbwa wa Shaba Ndani ya Suruali

Nilimkamata ndugu yangu wa damu na mbwa ndani ya suruali!

Msicheke. Sisi watu wa maghala ya wiski, "mbwa" ni mrija wa shaba wa kuibia. Unauzamisha kwenye pipa, unauziba, unauficha kwenye mguu wa suruali, unatoka nao kama mtu mwema.

"Kaka, subiri nikueleze..."

"Unieleze nini, mwizi wewe? Unaiba pipa la Baba!"

Kazi yetu hapa Dufftown ndiyo hiyo. Tunanunua pipa moja kiwandani kwa watu, tunalilaza miaka, tunajaza chupa zenye jina letu. Pipa hilo aliloliibia lilikuwa la kwanza la Baba. Kabla hajafa alisema, "Likifika miaka hamsini, mlifungue wawili." Mimi nikaapa: hakuna kuligusa!

Sasa Lachlan, mdogo wangu, mpimaji wetu wa nguvu ya kileo, anatembea na mbwa!

"Toka! Nisikuone tena mpaka nife!"

"Sawa, Murdo. Ila lipime... tafadhali, lipime."

Nikaona ananikejeli.

Miaka tisa! Kila mwaka mpya alileta barua. Zote nilizitia motoni bila kufungua. Nikala uji peke yangu. Nikaongea na pipa... naam, na pipa.

Wiki iliyopita lilitimiza miaka hamsini. Leo mlango umegongwa. Binti mmoja, kidevu cha Lachlan kabisa.

"Baba mkubwa? Mimi Mhairi. Baba tumemzika Jumanne. Alisema nikupe hili."

Daftari. Kurasa zote ni pipa lile, nguvu yake ya kileo kwa asilimia. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Mstari wa mwisho una tarehe ya siku niliyomfukuza:

"Leo namwibia Kaka kidogo nipime, maana hataki liguswe. Likishuka chini ya arobaini, kisheria si wiski tena. Hatutaweza kuliuza kwa jina la Baba."

Nikalipima.

Thelathini na nane nukta sita.

"Sasa hii inaitwaje, baba mkubwa?"

"Haina jina, mwanangu."

Ameondoka na basi la saa nane. Nimekaa na glasi mbili. Moja nimekunywa. Ni tamu kuliko zote nilizowahi kuonja... na sina wa kumwambia ila ninyi.

Ukimkamata ndugu yako na mbwa ndani ya suruali, mwache kwanza amalize sentensi.