Mito Miwili ya Léon

Siku meli ya Kigoma ilipotia nanga bandarini Kalemie, watu wakisukumana, ndipo Léon, mpakia mizigo, alipokanyaga vitenge alivyotandaza Bertille, mchuuzi.

"We Papa, huna macho?"

"Ninayo, Mama. Yamekwama kwako."

"Yakwamue basi, ununue!"

Akanunua. Juma lililofuata akarudi kununua kingine, naye hana mke wa kumvika. Kufika Pasaka ya mwaka themanini na mbili, alivaa suti ya abakosti ya kuazima, akapeleka jembe la posa kwa baba yake Bertille.

Kisha gunia likamvunja mgongo, mguu ukafa ganzi. Hospitalini, daktari mgeni akamdunga uti wa mgongo dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha. Muuguzi, Mama Philomène, akamwegemeza kwenye mito miwili.

"Asilale chali mpaka kesho," alimwambia Bertille. "Dawa ikifika kichwani, itamvuruga."

Alipotoka tu, Léon akaguna. "Sheri wangu, mgongo unaniua. Nilaze."

"Mama Philomène amekataa."

"Mama Philomène njo atakuoa, ama miye?"

Bertille akacheka. Kwao, anayeumwa mgongo hulazwa chali, sawasawa kama ubao. Akaiondoa mito, mmoja, wa pili.

Jioni Léon alitapika, akatetemeka mwili mzima. Alipotulia, alimkodolea Bertille macho. "Muntu huyu ni nani? Mumutoe!"

"Umemulisha nini kaka yangu?" Emérance, dada yake, alipiga kelele.

Bertille hakutaja mito. Kesho yake Emérance akaenda kwa baba yake Bertille kulichukua jembe, posa ikavunjika.

Siku ya nne akili zilikuwa zimemrudia Léon. Juma lililofuata alikuja sokoni na fimbo.

"Ni ile dawa, sheri, si weye. Imeshapita. Jembe nitalirudisha, Emérance amekubali."

Bertille akamshika mkono.

"Na Mama Philomène wamemufukuza kazi. Eti hakuniwekea mito kichwani."

Bertille akakaa juu ya vitenge vyake.

"Aliiweka. Ni miye niliitoa."

"Nilikuomba."

"Weye uliomba. Miye ndiye niliyekatazwa."

Léon akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Nyamaza, Bertille. Emérance akisikia, jembe halirudi tena. Yule Mama atapata kazi kwingine."

"Ana watoto wanne, Léon."

"Na sisi je?"

Bertille alimwachia jirani vitenge, akakaza kilemba, akashika njia ya hospitali. Alitembea polepole, ili mwenye fimbo aweze kumfikia. Mpaka mlangoni kwa daktari, hakuna aliyemwita.