Mkeka wa Msiba Siku ya Sherehe

Kila Jumatano asubuhi, kidato cha pili kilianza na somo la Lugha na Utamaduni wa Kitonga. Losaline alilipenda kuliko masomo yote. Alijua namna ya kuzungumza mbele ya machifu, alijua nyimbo, na katika ngoma mikono yake ilikuwa laini. Kijijini Kolonga, katika visiwa vya Tonga, hakuna aliyetia shaka kwamba siku ya sherehe ya shule yeye ndiye angecheza katikati ya safu ya mbele.

Ndipo akaja Vaimoana, binti wa mjomba wake, kutoka Auckland. Baba yake alikuwa amelazwa huko kwa ugonjwa wa moyo, hivyo Vai akaletwa kwa shangazi yake Seini, mama yake Losaline. Kitonga chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini aliuliza kila kitu na kufanya mazoezi hata akiosha vyombo. Wiki moja kabla ya sherehe, Mwalimu Pauliasi alimweka Vai katikati na kumsogeza Losaline pembeni.

"Losa, mgeni kakupiga kikumbo nyumbani kwako," rafiki yake Fifita alimtania.

Losaline alicheka, lakini roho ilimuuma. Alimwonea Vai wivu kwa kila kitu: kicheko chake, nywele zake, hata jinsi mama alivyomwekea kipande kikubwa cha kiazi kikuu. Usingizi ulimpaa akifikiria nafasi yake iliyochukuliwa.

Siku ya sherehe mama alikwenda mapema kupika na wanawake wenzake, akamwachia Losaline kazi ya kumvalisha Vai. Kucheza bila mkeka wa kiunoni ni sawa na kutoka mtupu, kwa hiyo Losaline alifungua sanduku. Juu kulikuwa na mikeka miwili laini. Chini kabisa ulikunjwa ule mkubwa, mkavu, uliochanika pindo, ambao mama aliuvaa katika msiba wa bibi. Mkono wake ulisita kidogo, kisha ukauvuta.

"Mbona umechakaa hivi?" Vai aliuliza.

"Kwani mwalimu hakusema mikeka ya zamani ndiyo yenye heshima? Huu ulivaliwa wakati wa bibi. Mimi nitavaa huu mpya, si kitu."

Vai alimkumbatia na kumshukuru. Losaline alitazama ukutani.

Walipofika uwanjani, wanawake waliacha kuzungumza. Wengine waliinamisha vichwa. Losaline alikuwa ametarajia vicheko, si hivi. Hapo mama akatokea na kikapu cha chakula. Alimwona Vai amevaa mkeka wa kufiwa, ambao huvaliwa tu na aliyefiwa na ndugu wa karibu. Kikapu kikamwanguka.

"Kaka yangu," alisema, akaketi chini pale pale mchangani. "Kaka yangu amekufa na mimi sijaambiwa."

Vai aligeuka. Alilielewa neno kufa. "Baba?" aliuliza, akamshika shangazi yake begani. Wanawake wakaanza kulia.

Losaline alitaka ardhi immeze. Lakini kilio cha mama yake kilimshinda. "Mjomba hajafa," alisema. "Ni mimi. Nilimvalisha makusudi ili achekwe. Nilitaka nafasi yake."

Aliufungua mkeka wake mpya, akamvua Vai ule wa msiba na kumfunga huu kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kuwa hakubaki na mkeka wa kuvaa, hakucheza. Alikaa nyuma ya waimbaji, akiokota viazi vilivyomwagika. Vai alicheza katikati macho yakiwa mekundu, na hakukosea hata mara moja.

Jioni mama alipiga simu Auckland, akampa Losaline aseme mwenyewe. Alieleza yote huku akilia. Mjomba akacheka taratibu.

"Basi mmenizika na nimefufuka. Nimekusamehe, mwanangu. Sasa muulize Vai kama naye amesamehe."

Vai alikuwa mlangoni. Alifikiri kwanza. "Nitakusamehe," alisema kwa Kitonga chake cha polepole, "ukinifundisha mikeka yote. Safari hii kwa kweli."

Mama aliurudisha ule mkeka chini kabisa ya sanduku. "Wivu ulikuwa wako peke yako, Losaline," alisema, "lakini kilio chake ulikigawa kwa kijiji kizima. Ukiuona tena unakuja, uniambie mimi kabla hujafungua sanduku."