Mlango wa Stoo wa Bi Sufuria

"Mlango lazima uwe na kitasa, mtu aone kwamba..."

"Asione. Ndiyo maana nataka ufanane na..."

"Kabati, kabati. Kila nikirudi nyumbani ni kabati. Sasa mpaka stoo..."

"Fundi, usimsikilize huyu mume wangu. Andika, hauna kitasa."

"Fundi, usiandike."

Fundi seremala alikuwa amesimama katikati ya jiko, kipande cha ubao mweupe kwapa hili, cha kahawia kwapa lile, penseli sikioni. Hakuandika kitu. Alishatengeneza majiko ya watu wengi waliooana, na alijua ndoa inaweza kuvumilia mambo mazito lakini si kuchagua makabati.

Mwenye nyumba walimwita Mnara. Kwanza alikuwa mrefu, halafu kazi yake ilikuwa kupanda minara ya simu na kuitengeneza, jina likamkaa kotekote. Wiki nzima yuko juu huko na mikanda kiunoni. Mwisho wa wiki anarudi na nguo chafu na maoni mengi. Mkewe alikuwa mshonaji, wakamwita Cherehani, na alikuwa hivyo kweli, akianza hasimami. Wa tatu alikuwa sebuleni akisikiliza redio. Huyo ni mama yake Mnara, Bi Sufuria, aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka akastaafu. Alilisha watoto mia mbili kila siku na kuwatia adabu kwa mwiko uleule aliokorogea.

Alichotaka Cherehani ni mlango wa stoo uvalishwe ubao uleule wa makabati, mistari ya droo ipite juu yake kama vile hakuna kitu, na usiwe na cha kushika. Ukiusukuma kidogo ndio unafunguka. Mnara hakuelewa kabisa. Stoo ndiko kuliko na unga, mchele, maharage na mafuta. Sasa mtu anayeficha mlango wa chakula anamficha nani? Nyumba ina watu watatu, na yeye mwenyewe hayupo. Akapiga hesabu, jibu likamuuma.

"Unamficha mama yangu chakula," akasema.

Fundi akaanza kukagua dari.

Cherehani alifungua mdomo, akatazama upande wa sebule, akaufunga. Mnara akajiambia hayo ndiyo majibu yenyewe.

"Sawa," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Ila ukiweka mlango wa kuonekana hapa, mimi nafungasha naenda kwa mama yangu. Sikutishi. Nitakuwa nimechoka tu."

Wiki iliyofuata Mnara alikuwa juu ya mnara, upepo unampiga, akili iko jikoni. Akakumbuka stoo ya shuleni. Alipokuwa mdogo alikuwa anafanyia kazi za darasani juu ya magunia ya mama yake, ndani ya mlango wa kijani wenye komeo kubwa la chuma. Hata mwalimu mkuu alikuwa anabisha hodi. Mama akitokea pale na ufunguo unaning'inia kiunoni, Mnara alikuwa anaona hakuna mtu mkubwa kuliko mama yake duniani.

Akatabasamu peke yake. Akatoa simu.

"Fundi, sikiliza. Achana na ule wa kabati. Nataka mlango wa kijani, wa mbao, na komeo la chuma. Kubwa."

"Shemeji amekubali?"

"Nitaongea naye mwenyewe."

Fundi akasema yeye mlango ataufunga, lakini akimaliza tu anaondoka, chai hasubiri.

Ijumaa asubuhi Mnara alimtumia mkewe ujumbe, "Leo nakuja mapema. Kuna zawadi ya mama inaletwa."

Akajibiwa, "Zawadi gani?"

Akatuma kikatuni cha kucheka. Mchana simu yake ikalia mlio wa ujumbe tena.

"Mume wangu, huu mlango wa kijani umeutoa wapi? Nimerudi kutoka kupeleka nguo za mteja, nimekuta umeshafungwa. Njoo haraka."

Mnara alidhani ni hasira. Njia nzima alikuwa anajipanga jinsi atakavyoshinda, mpaka akawa anasogeza midomo na abiria wa pembeni akahama kiti.

Alipofika, begi la Cherehani lilikuwa limekaa mlangoni. Akalipita kama halioni. Jikoni sakafu ilikuwa nyeupe kwa unga. Maharage yalikuwa yamepangwa vikombe vikombe, safu kwa safu, kutoka kwenye sinki mpaka chini ya meza. Mlango wa kijani ulikuwa wazi, na ndani ya stoo Bi Sufuria alikuwa amesimama juu ya stuli, kanga imefungwa kiunoni, anavuta dumu la mafuta kutoka rafu ya juu. Cherehani alikuwa amepiga magoti, ameikumbatia stuli kwa mikono miwili.

"Mpishi, mafuta nitashusha mimi," alikuwa anabembeleza. "Wewe shuka upime chumvi."

Bi Sufuria akamwona Mnara.

"Umechelewa. Watoto wametoka darasani, kuni ziko wapi?"

"Mama, ni mimi."

Akamkagua juu mpaka chini kama anakagua gunia lililotoboka.

"Wewe ni wa kuni au si wa kuni?"

Mnara akamtazama mkewe. Cherehani hakugeuka.

"Sema wewe ni wa kuni."

"Mimi ni wa kuni," akasema Mnara.

"Basi ziweke nyuma. Na usikanyage maharage yangu."

Akatoka, akaenda kusimama uani na mikono mitupu. Alikaa huko mpaka uso ukakauka.

Bi Sufuria alipochoka na kusinzia kwenye kiti, Cherehani akamsimulia huku wanazoa unga. Hali hiyo ilikuwa imeanza muda mrefu. Mama akiuona tu mlango wa stoo, anarudi kazini. Anapima, anamwaga, anapanda juu ya vitu. Lile jeraha la mguu, ambalo Mnara aliambiwa ni la kuteleza bafuni, mama alilipata kwa kuanguka pale. Halafu fundi alipoleta mbao za makabati akaziegemeza kwenye mlango wa zamani, ukafichika, na mama akatulia siku zote zile, anacheka na redio. Wazo lilitoka hapo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba. Siku moja akili imetulia akanishika mkono, akasema, 'Mwanangu asijue. Bado ananiogopa kidogo, na mimi napenda kuogopwa.'"

Mnara akacheka, na kicheko chenyewe kikamgeuka katikati.

"Na mimi nikasema unamficha chakula."

"Mbele ya fundi," Cherehani akasema. Akafagia. "Nitakaa mpaka mlango ubadilishwe, nimwone ametulia. Halafu naenda kwetu kupumzika. Usiniulize narudi lini."

Mnara akampigia fundi. Kabla hajamaliza salamu, fundi akamwambia mlango wa kabati upo tayari, aliukata siku ileile waliyogombana.

"Ulijuaje?"

"Na mimi nimeoa, bosi."

Kesho yake ukafungwa. Ubao uleule, mistari ikapita juu yake sawasawa, hadi kipande cha chini kikaungana na cha makabati. Mnara alienda kuchukua sukari, akasukuma makabati mawili ya kweli kabla ya kuupata. Cherehani aliona. Karibu acheke, akajizuia.

Mchana Bi Sufuria akaingia jikoni. Akatembea pembeni ya makabati akipitisha mkono kwenye ubao, polepole, mpaka kwenye stoo. Mnara, aliyekuwa anafuta vikombe, akaacha kufuta. Mkono ukapita. Mama akavuta kiti, akakaa, akashukuru Mungu kwa kupumzisha miguu.

Begi bado lilikuwa mlangoni. Mnara alishasema samahani, na alijibiwa "nimesikia", tena basi.

Bi Sufuria alikuwa anamtazama Cherehani anavyoshona kifungo.

"Binti, una mkono mzuri. Una mtu?"

Sindano ikasimama. Cherehani akamtupia jicho Mnara na kikombe chake.

"Yupo mmoja, mama. Tumekosana."

"Amekufanya nini?"

"Alinidhania vibaya, na wala hakuniuliza."

Bi Sufuria akasonya kwa niaba yake.

"Achana naye. Mimi nina mwanangu. Mrefu, kichwa kigumu, na kula anakula kama bweni zima. Lakini nimemlea mwenyewe juu ya magunia yangu. Akishaelewa, ameelewa." Akamshika mkono, akamvuta karibu, akashusha sauti ambayo jiko zima liliisikia. "Asijue kama nimesema. Nakuomba uolewe naye."